Darubini ya Fundi wa Ovaroli

Jumatatu saa nne asubuhi, daktari wa macho alimwambia fundi wa ovaroli kwamba macho yake hayana ugonjwa wowote, yamechoka tu kutazama karibu. Mtu hawezi kutunga uzi kwenye tundu la sindano miaka ishirini na sita halafu macho yakamshukuru. Dawa yake, alisema huku ameshaanza kumwita mgonjwa anayefuata, ni kutazama mbali, kila siku, dakika ishirini.

Fundi alirudi nyumbani akatafuta mbali. Dirisha la mbele lilitazama ukuta wa jirani, hatua tano. Dirisha la chumba cha mama mkwe lilitazama tangi la maji. Uani, nyuma ya kamba za nguo, ulisimama ukuta wa kiwanda cha sabuni, ambao uliongezwa safu tisa za matofali mwaka ule boila namba mbili ilipolipuka, ili watu wa mtaa wasiendelee kuchungulia. Fundi alizihesabu safu hizo zikipanda. Mbali iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa juu.

Ndipo aliponunua darubini. Aliipata kwa muuza miwani wa karibu na stendi: bomba jeupe lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kioo cha mbele upana wa mdomo wa glasi ya chai, na miguu mitatu ya bati, mmoja mfupi. Bei yake ilikuwa bei ya viatu vya mtoto wa shule. Muuza miwani aliapa kwamba ataiona milima ya mwezi. Watu wa biashara huapia mengi, lakini hili lilikuwa kweli.

"Wenzako wakichoka macho hulala," mama mkwe alisema. "Wewe umeongeza la tatu."

Fundi alitia kidonge cha uzi chini ya ule mguu mfupi, akavuta kigoda, akaanza matibabu yake kila jioni, kuanzia jua likizama mpaka chakula kikiiva. Alijifunza mwenyewe, kwa kuwa karatasi ya maelezo ilikuwa katika lugha ambayo mtaa mzima haukuijua. Alijifunza kwamba ukilishika bomba mbingu yote inatetemeka, kwa hiyo unalielekeza, unaliachia, unabana pumzi. Alijifunza kwamba hakuna kinachotulia kule juu: ukipata kitu, kinateleza taratibu, na baada ya dakika mbili au tatu kimetoka kwenye kioo, lazima ukifuate. Alijifunza kwamba kila kitu kinaonekana kichwa chini. Na kila chenye mwanga mkali kilikuwa na pindo la zambarau, kwa sababu kioo kilikuwa cha bei rahisi. Fundi hakulichukia pindo lile. Alisema kama angekuwa yeye ndiye aliyeushona mwezi, angeutia rangi hiyohiyo.

Sayari ya Mshtarii ilikuwa na vinyota vinne ubavuni, vimejipanga kama vifungo vya shati, na kesho yake kifungo kimoja kilikuwa kimehamia upande wa pili. Zohali ilikuwa ndogo kuliko punje ya ufuta, lakini pete yake ilionekana, kama kifungo kilichoingia nusu kwenye tundu lake kikagoma kumalizia. Kilimia, ambacho kwa macho matupu alizoea kukihesabia nyota sita, kilikuwa kopo la pini lililomwagika. Baada ya wiki tatu aliweza kutunga uzi mara moja bila kulamba ncha. Daktari alikuwa amesema kweli.

Kisha mwezi ukafika nusu. Mbingu ilikuwa bado ina bluu, na mwezi ulikuwa juu kabisa, kwa hiyo fundi alipiga magoti. Alifuata ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza, mahali ambapo mashimo huonekana kina chake. Ukingoni mwa shimo moja dogo palikuwa na boila, na mbele ya boila alikuwa mumewe.

Alivaa ovaroli ya bluu aliyoshonewa na mkewe. Mfuko wa kulia ulikuwa na uzi wa kijani, kwa kuwa wiki ile uzi wa bluu ulikwisha dukani. Alikuwa kichwa chini, kama kila kitu katika darubini ile, na alikuwa anasoma geji ya kupima presha. Fundi alimtazama mpaka akateleza nje ya kioo. Akaenda jikoni kupunguza moto, akarudi, akamtafuta tena.

"Kumbe uko kazini," alisema.

Kiwandani walimwita Mvuke, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Boila namba mbili ililipuka Jumanne alfajiri, miaka kumi na moja na miezi minne kabla ya darubini. Watu sita walizikwa. Wa saba, ambaye ndiye Mvuke, mwendesha boila, hakuonekana, na kwa kuwa hakuonekana, kitabu cha zamu kiliandikwa kwamba saa kumi na moja na dakika arobaini alitoroka kituo chake, na boila ikalipuka kwa kukosa mwangalizi. Dakika zilitajwa. Aliyemwona akitoroka hakutajwa. Nyapara aliyeleta habari hiyo mlangoni alikuwa na shati la mistari lisilo na kifungo cha pili kutoka juu. Fundi aliliona hilo kwa mazoea ya kazi, na hajalisahau. Tangu siku hiyo, watu walipotaka kumtaja mlangoni mwa duka walisema mke wa mtoro, kisha wakashusha sauti, kana kwamba sauti ndiyo iliyokuwa mbaya.

Na Mvuke hakuwa mtu wa kutoroka. Kanuni ya nyumba ya boila ilikuwa moja, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine: huachi boila mpaka anayekupokea afike, atie sahihi kitabuni, na zamu ifungwe. Mvua inyeshe, mke ajifungue, kanuni ni hiyo. Usiku aliokuwa akizaliwa mtoto wao wa pekee, ambaye sasa ni dereva wa lori mji mwingine, Mvuke alifika hospitali saa mbili asubuhi akinuka makaa, zamu imefungwa.

Nyumba ya boila ina kelele hata watu hawasikilizani, kwa hiyo watu wake huzungumza kwa mikono. Ngumi kifuani ni kusema niko salama. Kiganja kikishuka, punguza moto. Mvuke aliileta lugha hiyo nyumbani, akaomba chumvi kwa vidole hali ameketi nusu hatua kutoka kwenye chumvi, na fundi akaijua bila kufundishwa. Sasa Mvuke aliinua kichwa kutoka kwenye geji, akaelekea kwenye kioo, akagonga kifundo cha mkono wake kwa vidole viwili. Maana yake ni: anayenipokea yuko wapi?

Darubini ina ncha mbili. Fundi alizunguka akasimama upande wa kioo kikubwa, na Mvuke akamwona, mdogo kama picha ya kitambulisho. Fundi aliweka ngumi kifuani. Aliporudi kuchungulia, ngumi ya mumewe pia ilikuwa kifuani. Kisha vidole viwili vikarudi kwenye kifundo, vikagonga.

Mama mkwe aliletwa uani kesho yake, na mkeka wake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mbona yuko kichwa chini?"

"Ni kioo, mama. Kinageuza kila kitu."

"Damu itamshukia. Na amekonda. Alikuwa hivi alipoondoka?"

Fundi alisema alikuwa hivihivi. Mama mkwe hakuridhika. Alitandika mkeka upande wa pili wa darubini, akalala chali, akachungulia tundu lilelile kichwa chake kikiwa kimegeuka, na mwanawe akasimama wima. Tangu jioni hiyo hakutazama kwa namna nyingine. Alimwambia mke wa mwanawe amwambie avae sweta, maana kule hakuna ukuta wa kuzuia upepo. Fundi alijibu kwamba mikono ya kiwandani haina neno la sweta. Mama mkwe akasema basi kiwanda kile hakikuwa na mzazi hata mmoja.

Ni mama mkwe aliyeuona waya. Kwa kuwa yeye alimwona mwanawe wima, alipata nafasi ya kutazama na vitu vingine. Aliuliza kile kidude cha juu ya boila kilichofungwa kwa waya kama mfuko wa unga ni nini. Fundi akachungulia. Kilikuwa vali ya usalama, ambayo kazi yake ni kufunguka yenyewe mvuke ukizidi. Ilikuwa imezungushwa waya wa kufungia maboksi ya sabuni, mara nne, na ncha zimesokotwa vizuri.

Fundi alikwenda kwenye geti la kiwanda akamwita Kipara. Kipara alikuwa mlinzi, lakini zamani alikuwa mwendesha boila, mwanafunzi wa Mvuke na rafiki yake, na Jumanne ile ndiye aliyetakiwa kumpokea saa kumi na moja. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akimsalimia fundi kwa kutazama viatu vyake. Alikuja jioni hiyohiyo, kofia mkononi, akapiga magoti mbele ya darubini, akatazama mpaka Mvuke alipoteleza nje ya kioo mara mbili na kurudishwa mara mbili.

"Ananiuliza mimi," alisema.

"Anauliza kila siku, shemeji."

Kipara alikaa chini kwenye saruji. Alisema kwamba Jumatatu jioni nyapara alimfuata nyumbani akamwambia kesho asije, kwani Mvuke angeshika zamu zote mbili. Kulikuwa na shehena ya sabuni ya kumaliza. Naye akalala. Ndiyo jambo alilofanya, alilala. Kisha akasema lililobaki, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mwenyewe.

"Na ule waya, shemeji. Vali ilikuwa inafunguka kila saa, kazi inasimama. Nyapara aliifunga Jumapili usiku. Mimi nilimshikia tochi."

Fundi alikuwa na nguo mkononi, anapiga lisani ya kifuani. Aliendelea mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Basi utakula hapa," alisema. "Mama atakutukana kidogo, umvumilie."

Mama mkwe alimtukana kidogo, akampakulia.

Wiki hiyo fundi alipeleka ovaroli arobaini mpya kiwandani, kwa kuwa bado ndiye aliyewashonea, hakuna mwingine aliyejua kukaza mshono wa gotini. Alimwomba afisa wa wafanyakazi jambo moja. Hakutaka samahani, wala hakutaka mtu afungwe. Alitaka kitabu cha zamu kifunguliwe ukurasa ule, neno alitoroka likatwe, na chini yake iandikwe zamu imefungwa, kwa sahihi. Mumewe yuko zamuni mpaka leo, alieleza, na hawezi kuondoka kwa sababu ya karatasi. Afisa aliuliza yuko wapi. Fundi akamwambia. Afisa alifungua shajara yake akasema Alhamisi ana nafasi, saa kumi na mbili na nusu.

Fundi alimwambia mumewe kwa mikono: Alhamisi, jibu. Mvuke aliweka ngumi kifuani, akafungua mlango wa tanuri, akatupa makaa. Makaa yale yalitoka wapi hakuna aliyeuliza. Mwanga ulitoka, na nguo zilizokuwa kwenye kamba za mtaa mzima zikakauka kabla ya chakula, kama zilivyokuwa zikikauka kila mwezi unapokuwa juu. Majirani walikuwa wameshapanga siku za kufua kwa kuufuata.

Afisa alikuja Alhamisi na jalada chini ya kwapa. Alikuwa mtu mpole, hilo lazima lisemwe. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima na akakataa kiti mpaka alipolazimishwa. Aliomba kwanza aone Zohali, kwani tangu utoto alitamani. Akaonyeshwa. Aliifurahia kweli, akaomba aione tena. Kisha fundi akaelekeza darubini mwezini, akaiachia, akasogea.

Afisa alitazama. Alifungua jalada akatoa picha ya kitambulisho, akailinganisha, akatazama tena.

"Ni yeye," alisema. "Hata simpingi. Ni yeye kabisa."

Alimpungia mkono kwa adabu. Mvuke aligonga kifundo chake.

"Na waya umeuona?" fundi aliuliza.

"Nimeuona waya. Lakini mama, tuwe wakweli. Chombo hiki kinaonyesha kila kitu kichwa chini, na kina zambarau pembeni. Ofisi haiwezi kupokea ushahidi wenye zambarau."

"Laleni huku muone wima," mama mkwe alisema, akigonga mkeka.

Afisa alishukuru akasema suruali ni ya kazini. Akaeleza kwamba waya si suala la idara yake. Suala la idara yake ni kitabu, na kitabu kinasema mwendesha boila aliacha kituo chake. Kituo chake ni nyumba ya boila namba mbili, ndani ya ukuta wa kiwanda. Pale alipo sasa ni mbali na nyumba ya boila namba mbili, jambo ambalo wote waliopo wamelishuhudia kwa macho yao.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Si maneno yangu, ni ya wazee. Kwa hiyo yuko nje ya kituo bila ruhusa, na darubini yenu imethibitisha. Nitaandika kwamba ameonekana, na kwamba anaendelea kutoroka."

Aliandika hapohapo, kwenye goti lake, kwa mwandiko mzuri. Kipara alisimama akamwambia yote: Jumatatu jioni, shehena, tochi. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama leo ana zamu getini, na kama anayo, nani amemshikia.  Aliyoyasema Kipara afisa hakuyaandika. Alisema amekuja hapa kama jirani. Akasifu ovaroli mpya, hasa magoti, akaaga.

Mvuke alikuwa anasubiri. Fundi alizunguka mbele ya kioo kikubwa akasimama, mikono imelegea, kwa sababu alikuwa ameahidi jibu na hili halikuwa jibu la kumpa mtu aliyesimama miaka kumi na moja. Ni Kipara aliyemsogeza kando taratibu. Alinyoosha viganja viwili mbele, akavivuta kifuani: nimepokea.

Mama mkwe, ambaye alikuwa mkekani akichungulia, aliwatangazia yanayoendelea. Alisema mwanawe anaandika kwa kidole kwenye kiganja. Kipara alilijua hilo. Mvuke aliuliza kitabu kiko wapi. Kipara akaonyesha mikono mitupu. Mama mkwe alisema mwanawe anatikisa kichwa, lakini hajakasirika; anatikisa kama alivyokuwa akikataa nyama ya mwisho ili wengine wale. Bila sahihi hakuna kupokezana. Ndivyo alivyomfundisha Kipara, na kiwandani hapakuwa na mtu mwingine aliyeifuata kanuni hiyo mpaka mwisho, wala aliyeadhibiwa zaidi kwa kuifuata.

"Na chakula je?" mama mkwe aliuliza. "Boila gani hiyo mtu hali?"

Kipara na fundi walitazamana. Mapumziko ya chakula ni nusu saa. Mwenzako yeyote aliyefuzu boila anaweza kukushikia, na hakuna sahihi, kwa kuwa ofisi haikuwahi kufikiri kwamba kula ni jambo la kuandikwa. Kipara alikuwa amemshikia Mvuke nusu saa hiyo mara mia kadhaa. Alisugua tumbo kwa kiganja, akamwonyesha Mvuke, akajigonga kifua: kula, mimi nipo.

Mvuke aliitazama geji. Akamtazama rafiki yake. Akaegemeza beleshi kwenye boila, akaketi ukingoni mwa shimo, akavua viatu. Alivigeuza kuvikung'uta, na vumbi likatoka, likachukua muda mrefu sana kuanguka.

Ndivyo ilivyo hadi sasa. Kwa wiki mbili za kila mwezi, jua likizama na mwezi ukiwa juu, Kipara huja na ovaroli yake ya zamani, husimama wima uani, na fundi akimwachia darubini husoma geji na kuinua mikono inapobidi. Si mlinzi wa geti tena. Barua ilisema nafasi imefutwa, na wiki hiyohiyo akawekwa mwingine. Anauza vocha kibandani, na hachelewi. Wiki mbili nyingine, mwezi unapochomoza watu wamekwishalala, Mvuke hana mapumziko, kama wengi waliofanya kazi kiwandani humo. Kitabu kiko kabatini. Boila namba tatu imefungwa vali yake kwa waya mpya. Mtaa unajua, kwa kuwa fundi ndiye anayeshona upya mifuko iliyochanika ya zile ovaroli, na waya husahauliwa mifukoni.

Mwanzoni, katika ile nusu saa, mume na mke walikuwa wakitazamana tu. Kisha Mvuke alianza kumwonyesha vitu. Huko aliko mbingu ni nyeusi hata mchana, na amekuwa na muda. Hunyoosha mkono upande fulani, na fundi, ambaye anajua kwamba kila kitu ni kinyume, hugeuza darubini kinyume cha mkono huo na kutafuta. Inambidi amwache ili aone anachoonyeshwa. Mara ya kwanza hakupenda. Siku hizi huenda.

Jioni ya juzi Mvuke alinyoosha mkono mbali sana, chini, mahali ambapo fundi hajawahi kupeleka bomba lake. Fundi alitafuta mpaka shingo ikamuuma. Ilikuwa nyota moja ya kawaida, na alitaka kuipita, lakini alibana pumzi, kioo kikatulia, na nyota ikawa mbili: moja ya dhahabu, nyingine ya bluu, zimekaa karibu bila kugusana. Mama mkwe alipopewa zamu ya kutazama alisema ile ya bluu ndiyo mwanamke. Fundi alisema ni ile ya dhahabu. Walibishana mpaka nyota zikateleza nje, wakazifuata, wakabishana tena.

Aliporudisha darubini mwezini, Mvuke alikuwa ameshavaa viatu na amempa kisogo, anatupa makaa. Fundi alizunguka mbele akapunga. Mvuke hakugeuka. Mtu aliye zamuni hageuki.